Flipflopi

Flipflopi ni jahazi lililoundwa kwa taka za plastiki mjini Lamu, pwani ya kaskazini ya Kenya. Mradi wake ulianzishwa mwaka 2016 na chombo kikashushwa majini Septemba 2018. Jina linatokana na neno la Kiingereza la ndala, zile kandambili ambazo bahari huzitapika ufukweni kila maji yanapojaa.

Ujenzi uliongozwa na Ali Skanda, fundi wa majahazi wa Lamu. Takriban tani 10 za taka ziliokotwa, zikayeyushwa na kugeuzwa mbao. Mafundi walizichonga kwa ufundi uleule wa mbao za miti: mkuku, mataruma na mbao za ubavuni, vyote vya plastiki. Kisha chombo chenye urefu wa mita 9 hivi kikavishwa vipande vya ndala zipatazo 30,000, kikawa na rangi za kila namna kama kanga zilizoanikwa.

Mapema mwaka 2019 jahazi lilitweka tanga kutoka Lamu hadi Zanzibar, safari ya kilomita 500 hivi, likitia nanga njiani kuwaonyesha wanafunzi na wavuvi kwamba taka ni mali. Mwaka 2021 likapelekwa Ziwa Victoria, likazuru pwani za Kenya, Uganda na Tanzania.

Wenye mradi wanapinga plastiki ya kutumia mara moja na kutupa. Kuirejeleza husaidia, lakini kwao dawa ya kwanza ni kupunguza inayotengenezwa.