Mshauri wa Serikali na Mkaguzi wa Hesabu Zake

Serikali yoyote duniani, iwe njema au mbaya, hufanya mambo mawili kila siku ipitayo: hutoa amri, na hutumia fedha. Katika mambo hayo mawili huzaliwa maswali mawili. La kwanza ni hili: je, amri hii ni halali? La pili: je, fedha zile zilitumika kama ilivyokusudiwa? Mwenye kutoa amri hapendi kuulizwa swali la kwanza, na mwenye kushika mfuko hapendi hata kidogo kuulizwa la pili. Kwa sababu hiyo mataifa mengi yameona ni lazima kuweka watu wawili ambao kuuliza ndiyo kazi yao. Katika Kenya wa kwanza huitwa Mwanasheria Mkuu, na wa pili huitwa Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali.

Pengine wewe msomaji umekwisha kuyasikia majina haya katika habari za redio, yakakupita kama mvua inyeshayo ng'ambo ya mlima. Basi fikiri juu ya jahazi linaloingia bandarini. Rubani hukaa karibu na nahodha akamwambia mahali palipo na mwamba. Maneno yake yana faida kabla chombo hakijagonga, wala si baadaye. Karani wa forodha yeye hungoja jahazi litie nanga, kisha huhesabu magunia na kuyalinganisha na hati. Mwanasheria Mkuu ni mfano wa rubani yule: hunena kabla ya tendo. Mkaguzi ni mfano wa karani: hunena baada ya tendo. Tofauti hii ni ndogo kuitamka, lakini historia ya viti hivi viwili katika nchi yetu haifahamiki vema bila ya kuikumbuka.

Vyeo vyote viwili vilikuja kutoka Uingereza. Cha mwanasheria ndicho cha kale zaidi. Mfalme hakuweza kusimama mwenyewe mbele ya mahakama iliyohukumu kwa jina lake, na kwa hiyo tangu karne ya 13 alikuwa akimtuma wakili amsemee. Cheo cha mkaguzi, kwa namna tunavyokijua leo, ni cha mwaka 1866, wakati William Gladstone alipokuwa Waziri wa Fedha na Bunge la Uingereza likapitisha sheria ya kukagua hesabu zote za Serikali. Sheria hiyo ilikuwa na busara moja kubwa. Ilisema kwamba mkaguzi hataondolewa kwa matakwa ya waziri, bali kwa ombi la mabaraza yote mawili ya Bunge. Waingereza walikuwa wamekwisha kutambua kuwa mtu anayeweza kufukuzwa jioni na yule anayemkagua asubuhi, hakagui kitu.

Lakini busara hiyo haikupanda meli ikaja nasi. Katika koloni, kiti kilikuja bila misumari yake.

Tazama jambo la Wamaasai. Mwaka 1904 Serikali ya Himaya ya Afrika Mashariki iliwaahidi kwa mapatano kwamba nchi ya Laikipia itakuwa yao maadamu kabila lao lipo. Miaka 7 baadaye, mwaka 1911, yalifanywa mapatano mengine ya kuwahamisha kutoka huko huko Laikipia, ili ardhi ile wapewe walowezi. Baadhi ya Wamaasai, Ole Njogo akiwa mmoja wao, hawakuchukua mikuki, walichukua mawakili. Walipeleka shauri mahakamani, na aliyeshtakiwa kwa niaba ya Serikali alikuwa Mwanasheria Mkuu. Mwaka 1913 shauri lao lilitupwa. Mahakama ilisema kuwa mapatano yale ni mikataba baina ya dola na dola, na kwamba mahakama ya nchi haina uwezo wa kuyaamua. Yaani Wamaasai, waliokuwa wakitawaliwa, wakihamishwa na kutozwa kodi, walihesabiwa kuwa taifa la kigeni siku ile waliyodai haki yao! Huo ulikuwa ushindi kwa wakili wa Serikali. Kazi yake aliifanya barabara, maana kazi aliyopewa haikuwa kulinda sheria, bali kumlinda aliyemwajiri.

Mfano wa pili ni mzito zaidi, nami nataka uusome polepole. Wakati wa Hali ya Hatari, mwaka 1957, wakuu wa kambi za mahabusu za Mwea walikuwa wakiwapiga watu waliokataa kuungama kiapo. Gavana alikuwa Evelyn Baring, na Mwanasheria Mkuu wake alikuwa Eric Griffith-Jones. Mwezi wa Juni mwaka huo Griffith-Jones alimwandikia Gavana juu ya mapigo hayo. Rubani aliuona mwamba. Alifahamu kabisa kuwa mambo yale yanakaribia uhalifu, au yamekwisha kuwa uhalifu. Badala ya kusema "acheni", alieleza jinsi ya kuyafanya: wanaopiga wawe watulivu, wasipige sehemu za mwili zinazodhurika upesi kama ini na figo, na tofauti ipambanuliwe kati ya nguvu za kuadhibu na nguvu za kulazimisha. Akaongeza onyo kwamba ikiwa watatenda dhambi, basi waitende kimya kimya. Kanuni zikarekebishwa ili zifuate ushauri huo.

Mnamo tarehe 3 Machi 1959, mahabusu 11 walipigwa mpaka kufa katika kambi ya Hola. Serikali ilidai kwanza kuwa walikufa kwa sababu ya maji waliyokunywa. Barua ya mwaka 1957 ilikaa gizani miaka mingi, mpaka wazee wa Kenya walipoishtaki Serikali ya Uingereza katika mahakama ya London, na majalada yaliyokuwa yamefichwa yakatolewa mwaka 2011. Mwezi wa Juni 2013 Uingereza ilikubali kulipa pauni milioni 19.9 kwa ajili ya Wakenya 5,228. Ushauri wa sheria ulioandikwa kwa wino ili mateso yapate sura ya uhalali, ndio uliokuja kuwa ushahidi dhidi ya Serikali iliyoushauriwa.

Na hesabu je? Mwafrika alilipa kodi ya nyumba na kodi ya kichwa, akabeba kipande shingoni, lakini ukaguzi wa fedha zake ulikuwa chini ya idara iliyokuwa na mkuu wake London. Katika Baraza la Kutunga Sheria, ambamo matumizi yalijadiliwa, hakuwamo Mwafrika hata mmoja mpaka Eliud Mathu alipoteuliwa mwaka 1944. Hesabu zilikaguliwa, naam. Lakini hazikukaguliwa kwa ajili ya mlipaji.

Tulipopata uhuru mwaka 1963, katiba yetu ilipigilia misumari. Mkaguzi, ambaye wakati ule aliitwa Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu, alipewa kazi mbili: kuidhinisha fedha zitoke katika Hazina, na kuzikagua baada ya kutumika. Katika kazi hiyo hakuwa chini ya amri ya mtu yeyote. Yeye na Mwanasheria Mkuu hawakuweza kuondolewa ila baada ya jopo maalumu kuchunguza na kuona sababu.

Hata hivyo kiti cha Mwanasheria Mkuu kilikuwa na hatari nyingine iliyofichika. Aliishauri Serikali, aliandaa miswada ya sheria, na yeye huyo huyo alikuwa na mamlaka ya kumshtaki mtu au kuifuta kesi. Charles Njonjo alikikalia kiti hicho toka mwaka 1963 hadi 1980, na hapana aliyedhani kuwa ni kiti kidogo. Mwaka 1976 baadhi ya wanasiasa walipotaka katiba ibadilishwe ili Makamu wa Rais asishike urais moja kwa moja Rais akifariki, Njonjo alitangaza kuwa kuwaza au kudhamiria kifo cha Rais ni kosa ambalo adhabu yake ni kifo. Mjadala ulizimika upesi. Ona jinsi ilivyokuwa: angalikuwa mshauri tu, watu wangaliweza kubishana naye juu ya maana ya sheria. Lakini mshauri huyu ndiye aliyekuwa na kalamu ya kushtaki, na maoni ya mtu wa namna hiyo hayabishiwi.

Mwisho wa mwaka 1986 ukafika mswada wa kubadili katiba. Chama cha Wanasheria kiliupinga, na viongozi wa makanisa pia walipaza sauti. Bunge, ambalo kila mbunge alikuwa wa chama kimoja, liliupitisha. Kwa sheria hiyo Mwanasheria Mkuu na Mkaguzi waliondolewa kinga ya kazi zao. Tangu hapo Rais aliweza kuwaachisha bila jopo. Mwaka 1988 majaji nao wakapatwa na jambo lile lile. Hapana mtu aliyefuta vyeo hivyo. Ofisi zilibaki, mihuri ilibaki, mishahara ililipwa na ripoti ziliendelea kuandikwa. Kilichoondolewa ni misumari tu. Na nadhani kwa sababu hiyo raia wengi hawakuuona msiba huo kwa ukubwa wake. Nyumba iliyobomolewa huonekana na kila apitaye njiani, lakini kiti kilicholegezwa hukijua aliyekikalia.

Kinga hiyo ilirudishwa mwaka 1990, wakati sauti za kudai vyama vingi zilipokuwa zimepanda. Ilikuwa imekosekana kwa miaka 4. Baada ya hapo nchi ilipata kisa cha Goldenberg, ambacho Serikali ililipa mabilioni ya shilingi kama zawadi ya kuuza nje dhahabu, ilhali Kenya si nchi ya kuchimba dhahabu nyingi. Baadaye ikaja mikataba ya usalama iliyojulikana kwa jina la Anglo Leasing, ambayo Mkaguzi aliiandikia ripoti maalumu mwaka 2006.

Katiba iliyozinduliwa tarehe 27 Agosti 2010 iliyapanga upya mambo haya, na hapa ndipo ninapoona fikira iliyo bora kupita zote. Kazi zilizokuwa zimerundikwa zilitenganishwa. Mamlaka ya kushtaki yaliondolewa kwa Mwanasheria Mkuu, akapewa Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma, ambaye haombi ruhusa ya mtu kuanzisha kesi, na hawezi kuifuta bila idhini ya mahakama. Kazi ya kuufungua mlango wa Hazina aliachiwa Msimamizi wa Bajeti, ili Mkaguzi asijikute akikagua fedha alizoziidhinisha mwenyewe. Mkaguzi Mkuu akabaki na kazi moja iliyo nzito. Katika miezi 6 baada ya mwaka wa fedha kwisha, lazima akague hesabu za Serikali ya kitaifa na za kaunti zote 47, za mahakama, za Bunge lenyewe, na hata za vyama vya siasa vinavyopata fedha za umma. Haitoshi aseme kwamba risiti zipo. Katiba inamtaka athibitishe kama fedha zilitumika kwa halali na kwa manufaa. Daraja lisilopitika, hata likiwa na risiti safi, ni jambo lake.

Na misumari? Mkurugenzi wa Mashtaka, Msimamizi wa Bajeti na Mkaguzi walipewa miaka 8 kila mmoja, wala hawateuliwi mara ya pili, ili wasiwe na haja ya kumpendeza mtu kwa kutumaini muhula mwingine. Mwanasheria Mkuu hakuwekewa muda wowote katika katiba. Wengine wameliona hilo kuwa ni pengo. Mimi naona lina mantiki yake: wakili ni wa mteja, na Serikali mpya huweza kutaka wakili mpya, bali mkaguzi si wa Serikali, ni wa mlipa kodi. Lakini mantiki hiyo ina gharama. Katiba hiyo hiyo inamwamuru Mwanasheria Mkuu akuze na kulinda utawala wa sheria na kutetea maslahi ya umma. Itakuwaje siku ambayo maslahi ya umma na matakwa ya mteja yatagombana? Mwezi wa Julai 2024, baada ya maandamano ya vijana, Rais aliwafuta kazi mawaziri wake karibu wote, na Mwanasheria Mkuu akaondoka pamoja nao kwa tangazo lile lile. Mwezi uliofuata Dorcas Oduor aliapishwa, akawa mwanamke wa kwanza kushika cheo hicho.

Usidhani, kwa upande mwingine, kwamba kiti chenye misumari hakina udhaifu. Edward Ouko, Mkaguzi wa kwanza chini ya katiba ya 2010, alimaliza miaka yake 8 mwezi wa Agosti 2019. Hakufukuzwa, muda wake ulikwisha kama katiba isemavyo. Kisha kiti kikakaa kitupu. Miezi ikapita, mwaka wa fedha wa 2019 hadi 2020 ukafika ukingoni, na mabilioni yakatumika katika janga la korona, ilhali nchi haina Mkaguzi Mkuu. Nancy Gathungu aliapishwa Julai 2020, karibu miezi 11 baada ya mtangulizi wake kuondoka. Katiba ilikuwa imeeleza Mkaguzi atakaa miaka mingapi na ataondolewa kwa njia gani; haikutaja siku ambayo lazima mrithi wake awe amepatikana. Muda wa Bi Gathungu, ukihesabu miaka 8, unafika mwisho mwaka 2028.