Oti Zilivyobeba Kosa la Ngano

Kwa karibu nusu karne, mtoto wa Ulaya aliyegunduliwa kuwa na ugonjwa wa seliaki, ambao utumbo hudhuriwa na protini ya ngano iitwayo gluteni, alipigwa marufuku uji wa oti pamoja na mkate. Marufuku ya mkate ilikuwa na msingi imara. Daktari wa watoto wa Uholanzi, Willem Karel Dicke, aliishuku ngano tangu miaka ya 1930, kisha akiwa na wenzake Weijers na van de Kamer akaithibitisha kwa njia isiyopendeza lakini makini: kinyesi cha mtoto kilikusanywa, mafuta yaliyopotea yakapimwa, ngano ikatolewa na kurudishwa kwenye chakula chake. Katika miaka ya 1950 oti nazo zikatiwa kapu moja na ngano, nafaka ya rai na shayiri. Hapo ndipo hoja ilipolegea. Kipimo cha mafuta kinaonyesha kuwa chakula kimemdhuru mtoto, hakionyeshi ni punje ipi iliyomdhuru; na oti hulimwa kwa zamu na ngano, huvunwa kwa mashine zilezile, husagwa katika vinu vilevile, kwa hiyo huchanganyika nayo kwa urahisi.

Ushahidi wa kuzitetea ulikuja polepole. Mwaka 1995 watafiti wa Finland waliwapa oti wagonjwa watu wazima, na utumbo wao haukuharibika. Mwaka 2004 Waswidi walitoa matokeo ya watoto 116 waliokuwa ndiyo kwanza wamegunduliwa: waliokula oti safi kwa mwaka mmoja walipona sawa na wasiokula. Mwaka huohuo, huko Marekani, vifurushi 12 vya oti za dukani vilipimwa, na 9 vikakutwa na gluteni zaidi ya miligramu 20 kwa kilo, kiwango ambacho leo ndicho kikomo cha kimataifa. Kwa maoni yangu, kipimo hicho kidogo kinaeleza mengi kuhusu sifa mbaya ya oti kuliko mijadala yote iliyotangulia.

Wapo wanaopinga, na hawapingi bure. Mwaka 2003 Wanorwei walijaribu oti safi kwa wagonjwa 19, na mmoja utumbo wake uliharibika vibaya. Australia mpaka sasa hairuhusu chakula chenye oti kiandikwe kuwa hakina gluteni. Lakini mgonjwa mmoja kati ya 19 ni sababu ya kuwafuatilia wote, si ya kuwanyima wote, hasa watoto ambao mlo wao wa mchele na wanga wa mahindi mara nyingi una nyuzinyuzi chache na unachosha upesi. Mzazi asubiri utumbo utulie, aanze na kiasi kidogo baada ya kuzungumza na daktari, na vipimo vya damu viendelee. Kifurushi kiwe kimethibitishwa hakina gluteni. Oti za kawaida za dukani zisiingie kwenye bakuli la mtoto huyu.