Ngolaga alikuwa na jina lake

Mtu akikuambia anatoka Kibaoni, itabidi umuulize Kibaoni ipi. Ipo ya Katavi, nyumbani kwa Waziri Mkuu mstaafu Mizengo Pinda. Ipo ya Kilifi, pwani ya Kenya. Na ipo hii ya Ifakara, katika bonde la Kilombero. Majina ya namna hii hayasubiri kikao cha halmashauri. Kibao cha njia husimikwa, abiria huambiana "nishushe pale kibaoni", kisha mbao huoza au hung'olewa na jina hubaki. Ndivyo ilivyo pia kwa Kivukoni, upande wa pili wa mto. Tangu 2018 watu wanavuka kwa Daraja la Magufuli, lenye urefu wa mita 384, wala hawangojei tena pantoni. Kivukoni imebaki Kivukoni.

Maswali ya maarifa ya jumla, yale ya redioni na ya mashindano ya shule, hupenda sana majina: neno fulani limetoka wapi, nani alimpa nani jina. Vijana wetu huyajibu ya mbali bila kusita. Wanajua kwamba Simba na Rafiki wa filamu ya The Lion King, iliyotoka 1994, walipewa majina ya Kiswahili. Wanajua kwamba Jenga, mchezo wa vipande vya mbao ambao Leslie Scott aliupeleka kwenye maonesho ya London mwaka 1983, umepewa jina la kitenzi chetu, na kwamba Uhura wa tamthilia ya Star Trek ya mwaka 1966 alipata jina lake kutokana na neno uhuru. Mwulize kijana huyohuyo kuhusu Sanje, umbali wa saa chache tu kutoka Ifakara, na wengi watakutajia maporomoko ya maji na kuishia hapo. Inaniuma, maana mambo yaliyotokea katika bonde hili na milima inayolizunguka yangejaza kitabu kizima cha maswali, na mengi yanahusu majina.

Nianze na la Sanje lenyewe. Mwaka 1979 watafiti wawili, Katherine Homewood na Alan Rodgers, walikuwa katika msitu wa Mwanihana, juu ya maporomoko hayo, wakiwachunguza mbega wekundu. Wakasikia mlio mkubwa ambao hawakuutarajia kabisa. Mlio wa aina ile ni wa kundi fulani la kima, na jamaa wa karibu waliojulikana kwa wataalamu wakati huo waliishi mbali sana, kando ya Mto Tana nchini Kenya. Walipomuuliza mwenyeji aliyewaongoza, hakushangaa hata kidogo. Akawaambia huyo ni ngolaga. Isitoshe, akawapeleka kijijini wakamwone mtoto wa mnyama huyo aliyekuwa akifugwa.

Sayansi ilikuwa haimjui mnyama mkubwa kiasi hicho, anayetembea kwa makundi na kupiga kelele za kusikika mbali, kwenye mlima unaoonekana wazi kutoka barabarani. Watu wa Sanje walimjua, walijua chakula chake na mlio wake, na walikuwa wamempa jina. Taarifa ya watafiti hao ilichapishwa 1981. Jina la kisayansi likafuata 1986: Cercocebus sanjei, kwa heshima ya mahali alipopatikana. Nashukuru kwamba Sanje imeingia katika vitabu vya dunia. Hata hivyo neno lililowafungulia watafiti mlango lilikuwa ngolaga, na ndilo lililoachwa nje. Leo mnyama huyo anaishi katika misitu miwili tu duniani, Mwanihana na Uzungwa Scarp, yote kwenye miteremko ya milima ya Udzungwa inayotazama bonde letu.

Miaka 20 na ushei baadaye mambo yalikwenda tofauti. Mwaka 2003 Tim Davenport na wenzake walikuwa Rungwe, kusini magharibi, wakizungumza na wawindaji wa Kinyakyusa kuhusu wanyama wa mlimani. Wawindaji wakamtaja kipunji. Mwanzoni watafiti walidhani huenda ni kiumbe cha hadithi, kwa kuwa katika masimulizi ya Kinyakyusa wanyama halisi na wa kubuni hukaa pamoja. Mwishoni mwa mwaka huo walimwona waziwazi. Wakati huohuo kundi jingine, ambalo liliingia Udzungwa kwa ajili ya utafiti wa ngolaga, lilisikia kwamba kuna kima wa ajabu katika msitu wa Ndundulu, nalo likamwona mwaka 2004. Kundi moja halikuwa na habari za jingine. Yalipogundua kwamba yanamfuata mnyama mmoja, yalitoa taarifa kwa pamoja katika jarida la Science, Mei 2005.

Safari hii jina la wenyeji liliingia katika Kilatini bila kubadilishwa hata herufi moja: kipunji. Mwaka 2006, baada ya vinasaba kuchunguzwa, alipewa jenasi yake peke yake, Rungwecebus. Ilikuwa jenasi mpya ya kwanza ya kima hai barani Afrika tangu 1923. Mwanafunzi wa zoolojia akiwa Tokyo au Berlin leo hulazimika kutamka neno la Kinyakyusa ili afaulu mtihani wake. Kwangu hilo ni jambo kubwa kuliko mchezo wa Jenga.

Udzungwa haikuishia hapo. Mwaka 1991 watafiti kutoka Denmark walikuwa kambini mlimani, wakaona ndani ya sufuria ya kitoweo miguu ya ndege ambayo hawakuweza kuitambua. Ilikuwa ya kwale ambaye hakuna kitabu kilichokuwa kimemwandika. Kilichowastaajabisha zaidi ni kwamba jamaa zake wa karibu wanaishi Asia. Mwaka 1994 alipewa jina Xenoperdix udzungwensis, na sehemu ya kwanza ya jina hilo kwa Kigiriki ina maana ya kwale mgeni. Ugeni huo ulikuwa kwa waliokuja. Aliyempika alikuwa anajua ametega nini na wapi. Kisha mwaka 2008 akatangazwa sange mkubwa wa Udzungwa, mwenye uzito wa kiasi cha gramu 700, ambaye alinaswa kwanza na kamera zilizotegwa msituni. Wanyama hawa kwa Kiingereza waliitwa panya wenye pua ya tembo, na hapo kuna ajabu yake: si panya, na kinasaba wako karibu zaidi na tembo. Jonathan Kingdon, mwanazuoni wa wanyama wa Afrika aliyezaliwa Tabora mwaka 1935, ndiye aliyependekeza jina lisilopotosha lichukuliwe kutoka lugha za Kibantu. Sasa wataalamu wengi huandika "sengi".

Hadithi ya chura wa Kihansi inatugusa kwa namna nyingine. Mto Kihansi hushuka kutoka Udzungwa na kumwaga maji yake katika bonde la Kilombero. Kwenye korongo lake maporomoko yalirusha manyunyu usiku na mchana, yakalowesha majani ya eneo dogo mno, takriban hekta 2 tu. Humo, mwaka 1996, wakati wa uchunguzi wa mazingira wa mradi wa umeme, akapatikana chura wa rangi ya dhahabu asiyefikia hata sentimita 3. Hatagi mayai kwenye maji kama vyura wengi. Huzaa watoto walio tayari kabisa, wadogo kuliko punje ya mchele. Profesa Kim Howell wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam alikuwa miongoni mwa waliomwandika. Wakamwita asperginis, kutokana na neno la Kilatini la manyunyu. Jina hilo lilitaja kile hasa alichokihitaji ili aishi.

Manyunyu hayo yalikuwa karibu kukatika. Mitambo ya Kihansi, yenye uwezo wa megawati 180, ilipoanza kufanya kazi, sehemu kubwa sana ya maji ya maporomoko iligeuzwa njia. Nchi ilihitaji umeme, na sitasema uongo kwamba uamuzi ulikuwa rahisi. Mabomba ya kunyunyizia yaliwekwa korongoni kuiga kazi ya maporomoko. Novemba 2000 vyura 499 walichukuliwa na kupelekwa Marekani, wakatunzwa katika bustani za wanyama, zikiwamo za Bronx na Toledo. Mwaka 2003 idadi yao korongoni iliporomoka ghafla, huku ugonjwa wa ukungu unaoua vyura duniani kote ukionekana pale. Mwaka 2009 ilitangazwa rasmi kwamba hawapo tena porini. Mwaka uliofuata 100 wakarejeshwa Dar es Salaam, na mwaka 2012 wakaanza kuachiwa tena katika korongo lao. Chura mzaliwa wa Kilombero aliyekulia New York, kisha akarudishwa kwao kwa ndege: nani ana swali bora la chemsha bongo kuliko hilo?

Majina mengine bondeni yaliletwa kutoka nje kabisa. Swala anayependa nyika za mafuriko za Kilombero, ambaye kwa Kiswahili ni sheshe, katika sayansi ni Kobus vardonii. David Livingstone alimpa jina hilo 1857 ili kumuenzi rafiki yake mwindaji, Frank Vardon. Upande wa mashariki, pori kubwa kuliko baadhi ya nchi lilibeba kwa miongo mingi jina la Frederick Selous, mwindaji Mwingereza aliyepigwa risasi Beho Beho tarehe 4 Januari 1917 akipigana na Wajerumani, akiwa na umri wa miaka 65. Kaburi lake liko hukohuko. Wengi husema ndiye aliyemchochea H. Rider Haggard kumbuni Allan Quatermain, shujaa wa riwaya ya King Solomon's Mines ya mwaka 1885, ambayo imerudiwa mara kadhaa katika sinema. Mwaka 2019 sehemu kubwa ya pori hilo ikawa Hifadhi ya Taifa ya Nyerere. Korongo la Stiegler, lililochukua jina la mzungu anayesimuliwa kuwa aliuawa na tembo 1907, nalo sasa linatajwa kwa bwawa la Julius Nyerere lenye mitambo ya megawati 2,115. Maji mengi yanayoizungusha hutoka Kilombero.

Na Ifakara yenyewe ilitoa jina lililookoa watoto. Mwaka 1957 Rudolf Geigy, mwanazoolojia wa Basel nchini Uswisi, alianzisha hapa maabara ndogo ya utafiti wa magonjwa ya tropiki, chimbuko la Taasisi ya Afya Ifakara ya leo. Alitoka katika ukoo wa kampuni ya J. R. Geigy, na ni katika kampuni hiyo Paul Müller aligundua 1939 kwamba DDT huua wadudu, kazi iliyompa Tuzo ya Nobel mwaka 1948. Kuanzia 1996 mradi wa KINET ulieneza vyandarua vyenye dawa katika wilaya za Kilombero na Ulanga. Bidhaa hizo ziliuzwa kwa jina ambalo mama yeyote alilielewa papo hapo: Zuia Mbu. Matokeo yalichapishwa katika jarida la Lancet mwaka 2001: kwa watoto wadogo waliolalia vyandarua hivyo, uwezekano wa kuishi uliongezeka kwa asilimia 27. Wale watoto sasa ni watu wazima, baadhi yao wana watoto wao.

Kwenye matete ya mto karibu na Ifakara, katika miaka ya 1980, Neil na Liz Baker walikutana na ndege watatu ambao hakuna kitabu kilichowaeleza. Mmoja, mnana wa Kilombero, alipata jina Ploceus burnieri mwaka 1990. Wawili wengine, ndege wadogo wa majani wenye sauti kali, walikaa zaidi ya miaka 30 wakitajwa katika vitabu bila jina rasmi, hadi 2021 walipoitwa Cisticola bakerorum, kwa heshima ya Neil na Liz, na Cisticola anderseni. Vitabu vya ndege nilivyosoma vinatoa majina yao ya Kilatini na ya Kiingereza. La Kindamba, lugha ya wenyeji wa bonde hili, sijaliona. Wavuvi wanaoshusha mitumbwi alfajiri chini ya daraja huwasikia kila siku, na wazee wao wangali hai wa kuulizwa. Kazi hiyo ingeifaa shule yoyote ya Kibaoni yenye mwalimu mmoja wa sayansi na daftari moja.