Korongo la Almasi la Mlima Kenya

Kati ya Batian (mita 5,199) na Nelion (mita 5,188), vilele pacha vya Mlima Kenya, kuna barafu ndogo ya kudumu iitwayo Barafu ya Almasi. Chini yake, upande wa kusini, mwamba umechimbika kuwa korongo jembamba lenye mteremko mkali, linaloshuka hadi Barafu ya Darwin. Maji yanayoyeyuka juu hutiririka humo mchana na kuganda usiku, tabaka juu ya tabaka.

Ugumu wa barafu hiyo ulijulikana mapema. Tarehe 13 Septemba 1899, Mwingereza Halford Mackinder na waongozaji wake wawili kutoka Courmayeur, Italia, César Ollier na Joseph Brocherel, waliikatiza wakielekea Batian. Mizigo ya msafara wao ilikuwa imebebwa hadi mlimani na Waswahili na Wakikuyu, ambao bila wao safari isingekuwepo. Kukatiza kulidhaniwa kuwa kazi ya dakika 20. Kukachukua saa tatu. Kila kidato kilichongwa kwa shoka, pigo baada ya pigo, mguu ukawekwa, kisha kikachongwa kingine. Jina la almasi lilitokana na ugumu huo.

Kwa mbinu hiyo korongo lenyewe halikupandika. Anayechonga vidato anahitaji mahali pa kujishikilia, na barafu iliyosimama wima haina mahali hapo. Eric Shipton na Wyn Harris, waliofika Nelion kwa mara ya kwanza Januari 1929, walipita kwenye mwamba wa upande wa kusini-mashariki.

Ufumbuzi ulitoka kwa wahunzi. Kati ya vita vikuu viwili vya dunia, karakana ya Grivel, huko huko Courmayeur, ilianza kuongeza ncha mbili za mbele kwenye miiba ya chuma inayofungwa chini ya viatu. Mpandaji akaweza kupiga teke barafuni na kusimama juu ya ncha hizo bila kuchonga kidato. Badiliko la pili lilikuja miaka ya 1960, pale mdomo wa shoka ulipopindwa ili ung'ang'anie barafu unapovutwa kuelekea chini. Mmoja wa walioupinda ni Mmarekani Yvon Chouinard.

Korongo lilipandwa kwa mara ya kwanza Oktoba 1973. Waliolipanda ni Phil Snyder, wakati huo mkuu wa Hifadhi ya Taifa ya Mlima Kenya, na Mkenya Thumbi Mathenge. Chouinard na Mike Covington walifuata mwaka 1975, wakaupanda moja kwa moja ukuta wa barafu ulio sehemu ya juu. Habari za wageni hao zilisambaa zaidi duniani, lakini Mathenge anastahili kutajwa kila njia hii inapotajwa.

Katika milima ya Alps, makorongo ya theluji husubiriwa hadi mwisho wa majira ya kuchipua, theluji ya kipupwe ikiwa imeshikamana na usiku ungali na baridi ya kuigandisha. Ikweta haina majira hayo. Kinachotawala ni upande lilipo jua. Kuanzia Juni hadi Septemba jua huwa kaskazini, uso wa kusini ukabaki kivulini, na barafu ya korongo hukaa imara. Desemba hadi Machi jua huipiga moja kwa moja. Kanuni ya usiku, hata hivyo, ni moja kote: wapandaji huanza gizani, kwa sababu joto likipanda mawe yaliyokuwa yameshikwa na barafu huachiliwa, na ndani ya korongo hakuna pa kuyakwepa.

Barafu za Mlima Kenya zimepungua sana tangu siku za Mackinder. Kadiri Barafu ya Almasi ilivyosinyaa, maji ya kulisha korongo yalipungua, na kuelekea mwisho wa karne ya 20 sehemu ya chini ilianza kukosa barafu kwa misimu mizima. Siku hizi mwenye kulijaribu mara nyingi hukuta mwamba mtupu pale Snyder na Mathenge walipopiga mashoka yao. Wengi wanaokwenda Nelion hupita ile njia ya mwamba ya mwaka 1929.