Jina, Namba na Shirikisho: Madaftari ya Afya katika Pwani ya Kilifi

Neno shirikisho limezoeleka katika siasa za Afrika Mashariki tangu mwaka 1963, viongozi wa Kenya, Tanganyika na Uganda walipotangaza nia ya kuziunganisha nchi zao. Mwaka 1985 wataalamu wa kompyuta Dennis Heimbigner na Dennis McLeod walipendekeza shirikisho la namna nyingine, la hifadhidata: kila daftari libaki chini ya mwenyewe, na wenye madaftari wapatane tu juu ya yale watakayoshirikiana. Wazo linalokaribiana na hilo limejaribiwa Kilifi.

Kituo cha utafiti cha KEMRI na Wellcome Trust kilianza kazi mjini Kilifi mwaka 1989. Mwaka 2000 kilianzisha rejista ya wakazi wa eneo la kilomita za mraba 891, watu zaidi ya 200,000, ambao miji yao hutembelewa mara kwa mara ili kuandika vizazi, vifo na wahamaji. Hospitali ya serikali nayo ina kumbukumbu zake. Rejista yajua nani yu hai, wala haijui anaumwa nini. Hospitali yajua ugonjwa, wala haijui umetokea miongoni mwa watu wangapi. Kwa kuyaoanisha madaftari hayo ilithibitika kwamba chanjo ya nimonia iliyoingizwa nchini mwaka 2011 ilipunguza kwa zaidi ya asilimia 90 maradhi makali ya aina ilizolenga kwa watoto wa chini ya miaka 5.

Kikwazo kikubwa kilikuwa jina. Kwa Wagiriama mtoto hurithi jina la kizazi cha babu na nyanya zake, hata akina Kazungu, Karisa na Kadzo wakajaa katika ukoo mmoja. Tena jina hubadilika. Mwanamke aliyewaongoza Wagiriama dhidi ya Waingereza mwaka 1913 alizaliwa Mnyazi wa Menza. Historia yamjua kwa jina la Mekatilili, yaani mama yake Katilili. Madaftari mawili, moja likiandika Mnyazi na jingine Mekatilili, yangehesabu wanawake wawili. Kosa la kinyume ni baya zaidi, kwani ugonjwa wa mmoja hubandikwa mwingine. Ndipo karani wa hospitali humwuliza mgonjwa jina lake, mji atokao na mwenye mji huo, akamtafuta katika rejista hadi aipate namba yake. Namba hiyo ndiyo ivukayo baina ya madaftari.

Namba, hata hivyo, haitatui maana. Katika sensa ya Tanzania, kaya ni watu wanaoishi na kula pamoja. Kwa Mijikenda, kaya hukumbusha makao ya kale ndani ya misitu, yaliyotiwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2008. Vituo vya utafiti vya nchi mbalimbali vilivyounda mtandao wa INDEPTH mwaka 1998 vililazimika kupatana kwanza juu ya mambo ya aina hii: nini nyumba moja, na lini mtu amehama.

Mji wa Malindi umebaki nje ya eneo la rejista. Mkazi wake akilazwa Kilifi hupata kitanda na dawa, lakini karani akimtafuta katika rejista, hamwoni.