Gymnasium: Shule au Ukumbi?

Wayunani wa kale walikuwa na neno "gymnos", yaani mtu aliye uchi. Na kwa kuwa vijana wao walifanya mazoezi ya mwili bila nguo, mahali pa mazoezi hayo pakaitwa "gymnasion". Hapo walipigana mieleka na kukimbia, kisha wakakaa kivulini kubishana juu ya haki na utawala. Mjini Athens palikuwa na viwanja vitatu mashuhuri vya namna hiyo. Plato alifundisha kwenye kimoja, Akademia. Aristotle akafundisha kwenye kingine, Lykeion. Basi Mfaransa asemapo "lycée", jina la shule za sekondari zilizoundwa kwa sheria ya Napoleon ya mwaka 1802, anataja kiwanja cha michezo bila kukusudia.

Neno lenyewe lilipofika kwa mataifa mengine, kila taifa likajichukulia kipande chake. Waingereza walishika mwili: kwao gymnasium ni ukumbi wa kuruka na kunyoosha viungo. Wajerumani walishika akili. Mwaka 1538 Johannes Sturm alifungua Gymnasium yake mjini Strasbourg, na Kilatini ndicho kilichotawala humo. Mwaka 1788 serikali ya Prussia ilianzisha mtihani wa Abitur, na katika karne ya 19 Gymnasium ikawa njia kuu ya kuingilia chuo kikuu. Mwili ukabaki nje ya lango. Friedrich Ludwig Jahn alipofungua kiwanja chake cha mazoezi huko Hasenheide, Berlin, mwaka 1811, mazoezi hayo aliyaita "Turnen", neno aliloliamini kuwa la Kijerumani safi. Kumbe nalo lina asili ya Kilatini!

Tofauti hizi si mchezo wa wanakamusi tu. Katika baraza moja la usaili nililokaa, kijana alileta cheti cha Gymnasium kutoka Ujerumani. Mjumbe mwenzangu, mtu msomi kabisa, akamwuliza ni michezo gani anayoweza kuifundisha. Kijana wa watu alikuwa amesoma Kilatini na fizikia. Ilibidi nieleze kirefu, na hata hivyo mjumbe yule alitia saini shingo upande.

Sisi wa Afrika Mashariki tulirithi maana ya Waingereza, na pamoja nayo mgawanyo wao: akili darasani, mwili uwanjani. Mtihani unapokaribia, kipindi cha elimu ya viungo ndicho hunyang'anywa kwanza, na aghalabu mnyang'anyi ni mwalimu wa hisabati. Hakuna anayelalamika isipokuwa wanafunzi. Lakini neno letu "shule", tulilolipata kwa Wajerumani, na "skuli" ya Zanzibar, iliyotoka kwa Waingereza, yote mawili chimbuko lake ni neno la Kiyunani lenye maana ya wasaa wa kupumzika!

Huko Poland, gimnazjum ilirudishwa mwaka 1999 ikiwa shule ya miaka mitatu, ikafutwa kwa mageuzi yaliyoanza mwaka 2017. Nao Wagiriki wenyewe leo wana gymnasio ya miaka mitatu, kisha lykeio ya miaka mitatu. Mtoto wa Athens hupita katika majina ya viwanja vya mababu zake kwa miaka sita, na muda mwingi wa miaka hiyo amekaa dawatini.