Gita ya Flying V na mti wetu wa limba

Ukiuliza wapiga gita ni modeli gani ya umeme ya zamani inastahili kutengenezwa tena, wengi watataja Fender Stratocaster ya 1954 ao Gibson Les Paul ya 1952. Mimi nilisoma agronomia, basi naangalia mbao mbele ya nyuzi. Kura yangu ni Gibson Flying V ya 1958, ile yenye umbo la herufi V.

Mbao yake Wamarekani waliiita Korina. Hilo ni jina la biashara tu. Katika vitabu vyetu mti huo ni Terminalia superba, na Kongo tunauita limba. Wakati wa Wabelgiji, limba ya Mayombe, kule Kongo Central, ilipakiwa kwenye meli kwenda Ulaya. Ni mbao nyepesi, ya manjano iliyofifia, haimsumbui fundi.

Umbo lile lilishangaza watu. Mwaka 1958 na 1959 hazikutoka hata gita 100. Leo moja ya asili inapita dola 100,000. Miaka ya 1980 Gibson wakairudisha, tena kwa Korina. Kwa hiyo wenzetu walishafanya kazi yao. Na sisi?

Angalia historia yetu. Mwaka 1953 Bill Alexandre, Mbelgiji, alifika Léopoldville na gita ya umeme, kwenye studio ya CEFA. Vijana waliishika haraka: mwaka 1960 Docteur Nico alikuwa Brussels na African Jazz, wakarekodi Indépendance Cha Cha. Franco naye alianzia utotoni kwa gita ya bati aliyojitengenezea. Desemba 2021 UNESCO ikaandika rumba kwenye urithi wa utamaduni usioshikika wa binadamu. Muziki ni wetu, mbao ni yetu, lakini gita tunanunua.

Hapa Kasongo na Kabambare tuliona magogo ya mti mwekundu yakipakiwa kwenye motokari, yakaenda. Shuleni watoto wangali wanakaa chini. Na mtoto wa kijiji akitaka gita, anachukua bidoni, ubao wa kasha na waya ya breke ya kinga.

Kwangu mimi, hiyo ndiyo modeli ya kurudisha, lakini kwa mbao safi iliyokauka vizuri ili shingo isipinde. Umeme wake si uchawi: ni sumaku na waya mwembamba wa shaba uliozungushwa mara maelfu. Fundi wa redio sokoni anaweza kujifunza. Kinshasa, Misoko Nzalayala, wanayemwita Socklo, anatengeneza gita kwa mikono yake.

Sisi tuko na diplome za miti na udongo. Tukipanda bila kufikiri nani ataranda ile mbao, wajukuu wetu watanunua tena mti wao wenyewe, wenye jina la kigeni.